Fleming: Mgunduzi wa penisilini aliyeonya mapema kuhusu usugu wa dawa

Na Mwandishi Wetu

KATIKA historia ya tiba ya binadamu, ni majina machache yanayotajwa mara nyingi kama la Sir Alexander Fleming, daktari wa Uskoti aliyegundua penisilini mwaka 1928. Wanafunzi wa sekondari hufundishwa habari zake, na kisa cha kisahani kilichoota ukungu kimesimuliwa hadi kikafanana na hekaya.

Upo, hata hivyo, upande wa maisha ya msomi huyo ambao hautajwi sana. Fleming alikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kuona, ndani ya maabara yake mwenyewe, kwamba vijidudu vinaweza kuistahimili dawa hiyo, na akautumia umaarufu wake kuwaonya madaktari na wananchi kuhusu hatari hiyo.

Onyo lenyewe alilitoa wakati dunia ikiishangilia penisilini kama tiba ya miujiza. Wengi walishangilia, wachache wakasikiliza.

Gharama ya kutosikiliza inaonekana leo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la tiba la The Lancet ulikadiria kuwa mwaka 2019 pekee watu milioni 1.27 duniani walikufa moja kwa moja kutokana na bakteria waliokuwa sugu kwa dawa. Kwa kulinganisha na idadi ya watu, Afrika kusini mwa Jangwa la Sahara ndiyo iliyobeba mzigo mzito zaidi.

Ni vyema basi kumtazama upya mtu huyu: alikotoka, njia aliyopita katika taaluma yake, na namna alivyofika mahali pa kuihofia dawa iliyompa heshima.

Mtoto wa mkulima

Alexander Fleming alizaliwa Agosti 6, 1881, katika shamba la Lochfield, karibu na mji mdogo wa Darvel, eneo la Ayrshire nchini Uskoti. Baba yake, Hugh Fleming, alikuwa mkulima aliyefiwa na mke wa kwanza na kuoa tena akiwa na umri wa karibu miaka 60. Alexander alikuwa mtoto wa tatu kati ya wanne wa mke huyo wa pili, Grace Morton.

Baba huyo alifariki dunia Alexander akiwa na umri wa miaka saba tu. Malezi yakabaki mikononi mwa mama na kaka wakubwa waliokuwa wakiliendesha shamba.

Alianza masomo katika shule ndogo ya kijijini, akaendelea Darvel, kisha Kilmarnock. Maisha ya shamba, yenye kutembea mwendo mrefu katika baridi na kutazama ndege, samaki na mimea, yanaelezwa na waandishi wa habari za maisha yake kuwa ndiyo yaliyomfundisha kutopitwa na jambo dogo.

Akiwa na umri wa miaka 13 alihamia London alikokuwa akiishi kaka yake Thomas, tabibu wa macho. Huko alisoma katika chuo cha Polytechnic kilichokuwa mtaa wa Regent, na baadaye akaajiriwa kuwa karani katika ofisi ya kampuni ya meli. Kazi hiyo aliifanya kwa miaka minne bila kuipenda.

Mwaka 1900, wakati wa Vita ya Makaburu nchini Afrika Kusini, alijiunga na kikosi cha kujitolea cha London Scottish. Hakupelekwa vitani, lakini humo alijipatia sifa ya kulenga shabaha kwa bunduki na kucheza mpira wa majini.

Urithi mdogo alioachiwa na mjomba wake ndio uliomwezesha kuachana na ukarani. Mwaka 1901 alijiandikisha katika shule ya udaktari ya Hospitali ya St Mary's, iliyopo Paddington, London. Inaelezwa kuwa aliichagua shule hiyo kwa sababu tu aliwahi kucheza mpira wa majini dhidi ya timu yake.

Alihitimu kwa daraja la juu mwaka 1906. Alikuwa na sifa zote za kuwa daktari wa upasuaji, na mwaka 1909 alifaulu mtihani wa Chuo cha Kifalme cha Madaktari wa Upasuaji. Lakini timu ya kulenga shabaha ya hospitali haikutaka kumpoteza, na mmoja wa wanachama wake akamshawishi kubaki kama msaidizi katika idara ya chanjo.

Hivyo ndivyo, kwa sababu iliyohusu bunduki zaidi kuliko hadubini, Fleming alivyoingia katika fani ya vijidudu. Idara hiyo hakuihama hadi uzeeni.

Chini ya Almroth Wright

Mkuu wa idara alikuwa Sir Almroth Wright, mmoja wa wasomi mashuhuri wa zama hizo na mtu aliyehusika na chanjo ya homa ya matumbo. Wright aliamini kwamba nguvu ya kweli ya kupambana na maradhi imo ndani ya mwili wenyewe, na kwamba chanjo ndiyo njia ya kuiamsha. Kwa mtazamo wake, kemikali ya kuua vijidudu ndani ya mwili ilikuwa ndoto.

Fleming alimheshimu sana mkuu wake, lakini alikuwa na tabia ya kutazama kwanza na kuamini baadaye. Mwaka 1908 alitunukiwa medali ya dhahabu ya Chuo Kikuu cha London, akawa mhadhiri hapo hapo St Mary's hadi mwaka 1914.

Katika miaka hiyo mwanasayansi wa Ujerumani, Paul Ehrlich, alitengeneza dawa ya Salvarsan kwa ajili ya kutibu kaswende. Fleming alikuwa miongoni mwa madaktari wa kwanza nchini Uingereza kuitumia. Kwa mara ya kwanza aliona kwa macho yake kemikali ikiua vijidudu ndani ya mwili bila kumuua mgonjwa.

Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilipozuka, Wright na wasaidizi wake walipelekwa Boulogne, kaskazini mwa Ufaransa, ambako jumba la kamari liligeuzwa kuwa hospitali ya kijeshi. Fleming alihudumu huko akiwa na cheo cha kapteni katika kikosi cha matabibu wa jeshi.

Aliyoyaona Boulogne hayakumtoka moyoni. Askari walioponea risasi na mabomu walikufa siku chache baadaye kwa vidonda vilivyooza. Madaktari waliosha vidonda hivyo kwa dawa kali za kuua vijidudu, wakiamini kuwa wanasaidia.

Fleming alitengeneza mfano wa kidonda kwa kutumia bomba la kioo, akalichonga vipembe na mifuko kama ile inayoachwa na kipande cha bomu mwilini. Majaribio yake yalionyesha kuwa dawa zile hazikuvifikia vijidudu vilivyojificha ndani ya kidonda. Kibaya zaidi, ziliziua chembe nyeupe za damu ambazo ndizo zilizokuwa zikiulinda mwili.

Kwa maneno mengine, dawa ilimsaidia adui. Matokeo hayo yaliungwa mkono na Wright, lakini madaktari wengi wa jeshi hawakubadili desturi yao.

Ni wakati wa vita hiyo, Desemba 1915, alipomuoa Sarah McElroy, muuguzi kutoka Ireland. Mtoto wao pekee, Robert, alizaliwa mwaka 1924 na baadaye akawa daktari kama baba yake.

Kamasi na machozi

Baada ya vita Fleming alirudi St Mary's akiwa na swali moja kichwani: je, kipo kitu kinachoweza kuua vijidudu bila kuzidhuru chembe za mwili?

Jibu la kwanza lilimjia mwaka 1921 kwa njia ambayo wengine wangeiona ya aibu. Akiwa na mafua, alichukua kamasi yake mwenyewe na kuiweka kwenye kisahani chenye bakteria. Aligundua kuwa bakteria waliokuwa karibu na kamasi hiyo waliyeyuka.

Kitu hicho alikiita laisozaimu. Ni kimeng'enya ambacho pia kimo katika machozi, mate na ute wa yai. Taarifa yake ilichapishwa mwaka 1922, na kwa miaka kadhaa Fleming na msaidizi wake, V. D. Allison, waliendelea kukichunguza kwa machozi yaliyotolewa na kila aliyekubali kukamuliwa ndimu machoni.

Kasoro ya laisozaimu ilikuwa moja. Iliwaua kwa urahisi bakteria wasio na madhara, lakini wale wanaoleta maradhi makubwa waliistahimili. Fleming alitambua jambo ambalo lingemsaidia baadaye: bakteria anayeweza kumuugua binadamu ni yule ambaye tayari ameshinda kinga za kawaida za mwili.

Ukungu wa Septemba

Mwaka 1928 Fleming alipandishwa cheo na kuwa profesa wa bakteriolojia wa Chuo Kikuu cha London. Majira hayo alikuwa akichunguza stafilokoka, bakteria wanaoleta majipu na vidonda vya usaha. Alipokwenda likizo na familia yake katika kijiji cha Barton Mills, Suffolk, aliacha visahani vyenye bakteria hao kwenye kona ya meza yake.

Alirejea Septemba 3. Katika kisahani kimojawapo palikuwa pameota ukungu, na pembeni ya ukungu huo stafilokoka walikuwa wametoweka.

Wataalamu waliokuja kulirudia jaribio hilo baadaye waligundua kuwa bahati ilikuwa kubwa kuliko ilivyodhaniwa. Penisilini huua bakteria wanapokuwa katika kukua, hivyo ilikuwa lazima ukungu uote kwanza. Siku za baridi zilizolikumba jiji la London mwanzoni mwa likizo hiyo ziliupa ukungu nafasi, na joto lililofuata likawaotesha bakteria.

Bahati hiyo, hata hivyo, ingepotea bure mikononi mwa mtu mwingine. Visahani vilivyoota ukungu vilikuwa vikitupwa kila siku katika maabara za dunia nzima. Fleming hakukitupa chake. Aliuotesha ukungu huo peke yake, akaupima maji yake dhidi ya bakteria wa aina mbalimbali, na mwezi Machi 1929 akakipa kitu kilichomo jina la penisilini.

Aligundua kuwa iliwaua bakteria wa nimonia, wa kisonono, wa dondakoo na wengineo. Aligundua pia kuwa haikuzidhuru chembe nyeupe za damu. Hicho ndicho alichokuwa akikitafuta tangu Boulogne.

Makala yake ilitoka Juni 1929 katika jarida la Uingereza la patholojia ya majaribio. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba kichwa cha makala hiyo hakikuzungumzia tiba. Kilizungumzia jinsi penisilini inavyoweza kutumika maabara kumtenga bakteria aliyedhaniwa wakati huo kuwa chanzo cha mafua makali.

Sababu ni kwamba bakteria huyo hakuuawa na penisilini ya Fleming. Ukiiweka katika kisahani chenye mchanganyiko, wengine hufa na yeye hubaki. Tangu siku ya kwanza, basi, Fleming alijua kuwa wapo vijidudu vinavyoipenya dawa hiyo salama, na kwamba dawa ikiwaondoa walio dhaifu huwaachia uwanja walio imara.

Miaka ya ukimya

Ugunduzi huo haukupokewa kwa shangwe. Fleming hakuwa mzungumzaji. Sauti yake ilikuwa ya chini na mihadhara yake ilichosha, hivyo alipowaeleza wanasayansi wenzake habari za penisilini mwaka 1929 hapakuwa na mjadala.

Wasaidizi wake wawili, Stuart Craddock na Frederick Ridley, walijaribu kuichuja na kuisafisha dawa hiyo, lakini iliharibika kabla haijafaa kutumika. Fleming hakuwa mkemia, na idara yake haikuwa na mkemia wa kumsaidia. Kwa miaka iliyofuata aliitumia penisilini zaidi kama chombo cha maabara.

Wapo wanaomlaumu kwa hilo. Hakufanya jaribio rahisi la kumwambukiza panya na kisha kumtibu, ambalo lingeweza kuonyesha thamani ya dawa miaka zaidi ya kumi kabla. Lawama hiyo ina msingi. Lakini ni haki pia kukumbuka kuwa aliuweka hai ukungu wake mwaka baada ya mwaka, akimgawia kila mtafiti aliyeomba.

Mbegu ya ukungu huo ilifika Chuo Kikuu cha Oxford. Huko, mwishoni mwa miaka ya 1930, Howard Florey kutoka Australia na Ernst Chain, mkemia Myahudi aliyeikimbia Ujerumani ya Hitler, waliisoma makala ya mwaka 1929 na kuamua kulimaliza lililoachwa njiani.

Mei 25, 1940, wakati majeshi ya Ujerumani yakiisambaratisha Ufaransa, kikundi cha Oxford kiliwaambukiza panya wanane bakteria wakali. Wanne walipewa penisilini, wanne hawakupewa. Kulipokucha, wale waliotibiwa walikuwa hai na wenzao wote walikuwa wamekufa.

Fleming alipoyasoma matokeo hayo alisafiri kwenda Oxford kujionea. Inaelezwa kuwa Chain alishangaa sana, maana alidhani kuwa mwandishi wa makala ile ya zamani alikwisha kufariki dunia.

Polisi wa Oxford

Februari 1941 dawa hiyo ilijaribiwa kwa polisi mmoja wa Oxford ambaye uso wake ulikuwa umeshambuliwa na vijidudu hadi kupoteza jicho. Baada ya siku chache homa ilishuka na hamu ya chakula ikarudi. Kisha dawa ikaisha.

Madaktari walifikia hatua ya kukusanya mkojo wake na kuichuja penisilini iliyotoka humo ili kumpa tena. Haikutosha. Vijidudu vilivyosalia vilijijenga upya na mgonjwa akafariki mwezi uliofuata.

Kifo hicho kilikuwa somo la mapema kwamba tiba inayokatika kabla ya vijidudu kushindwa yaweza kuwa sawa na kutotibu. Mwaka huo huo habari nyingine mbaya ilikwisha kujulikana. Chain na mwenzake Edward Abraham walikuwa wameripoti, Desemba 1940, kuwa wapo bakteria wanaotoa kimeng'enya chenye uwezo wa kuiharibu penisilini. Dawa ilikuwa haijafika madukani, na silaha ya kuipinga ilikwisha kuonekana.

Agosti 1942 Fleming mwenyewe alimtibu mgonjwa wa homa ya uti wa mgongo aliyekuwa akikaribia kufa katika Hospitali ya St Mary's. Aliomba penisilini kwa Florey, naye akampa akiba yote aliyokuwa nayo. Fleming alimchoma sindano ya dawa hiyo hadi katika uti wa mgongo, jambo lililokuwa halijawahi kufanyika. Mgonjwa alipona.

Gazeti la The Times liliandika kuhusu dawa hiyo, na Wright akalipelekea barua akitaka heshima apewe Fleming. Kuanzia hapo waandishi wa habari walimiminika St Mary's. Florey, aliyewakataza watu wake kuzungumza na magazeti, aliachwa nyuma, na manung'uniko kuhusu nani anastahili sifa yamedumu hadi leo.

Kamati ya Nobel ilikata shauri mwaka 1945 kwa kuwagawia tuzo ya tiba watu watatu: Fleming, Florey na Chain. Fleming alikuwa amekwisha kuchaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society mwaka 1943, na mwaka 1944 alipewa hadhi ya Sir na Mfalme George VI.

Umaarufu huo ulizaa pia uongo. Hadi leo inasambazwa hadithi kuwa baba yake Fleming alimwokoa Winston Churchill utotoni asizame, familia ya Churchill ikamsomesha Alexander, naye akaja kumponya Churchill kwa penisilini. Fleming mwenyewe aliikanusha. Churchill alipougua nimonia mwaka 1943 akiwa Afrika Kaskazini, alitibiwa kwa dawa za aina ya salfa.

Onyo la Stockholm

Mwaka huo wa 1945 Fleming alitembelea Marekani, ambako viwanda vilikuwa vikitoa penisilini kwa wingi. Kila alikokwenda alipokewa kama shujaa, na kila alikokwenda alirudia tahadhari ile ile: dawa ikitumiwa ovyo, watu watakuwa wakivifuga vijidudu visivyosikia penisilini.

Desemba 11, 1945, katika mhadhara wake wa Nobel jijini Stockholm, aliieleza hatari hiyo kwa mfano ambao mtu yeyote angeuelewa. Alibuni mtu mmoja anayeumwa koo. Mtu huyo ananunua penisilini mwenyewe, anakunywa kiasi kidogo kisichoweza kuwaua bakteria lakini kinachotosha kuwazoesha. Kisha anamwambukiza mkewe. Mke anapatwa na nimonia, anapewa penisilini, nayo haifanyi kazi, anafariki.

Fleming aliwauliza wasikilizaji wake ni nani aliyesababisha kifo hicho, na jibu lake lilikuwa wazi: ni mume, kwa uzembe wake wa kutumia dawa. Ushauri wake ulikuwa kwamba anayetumia penisilini aitumie kwa kiasi cha kutosha.

Msingi wa maneno hayo ulikuwa kazi yake ya maabara. Alieleza kuwa si vigumu kuwafanya bakteria wawe sugu kwa kuwaweka katika dawa hafifu isiyowaua, na kwamba jambo hilo hilo limekwisha kuonekana ndani ya mwili wa binadamu.

Haukupita muda mrefu. Katika Hospitali ya Hammersmith, London, daktari Mary Barber alikuwa akiwapima stafilokoka waliotoka kwa wagonjwa. Mwaka 1946 aliona kuwa karibu asilimia 14 walikuwa sugu kwa penisilini. Mwaka uliofuata idadi ilifika asilimia 38, na mwaka 1948 ilivuka nusu na kufikia asilimia 59. Ilichukua miaka miwili tu.

Serikali ya Uingereza ilipitisha sheria mwaka 1947 iliyozuia penisilini kuuzwa bila cheti cha daktari. Ilikuwa hatua ya maana, lakini hospitalini kwenyewe dawa iliendelea kutumika kwa wingi, na huko ndiko usugu ulikojijenga.

Alichopatia na alichokosea

Sayansi imesonga mbele tangu wakati huo, na si kila alichosema Fleming kimekwenda kama alivyotarajia. Bakteria aliyemtaja katika mfano wake, streptokoka wa koo, ndiye ambaye hadi leo penisilini inamuua bila shida. Waliomtoroka mapema ni stafilokoka, wale wale wa kisahani chake cha mwaka 1928.

Aidha, leo inajulikana kuwa bakteria hawafundishwi usugu kama mtoto anavyofundishwa kusoma. Katika mamilioni ya bakteria hutokea wachache wenye uwezo wa kuistahimili dawa. Dawa huwaondoa wengine wote, nao wachache hao hubaki na kuzaana.

Watafiti wa Japani waliongeza jambo la kutisha zaidi mwaka 1959, walipoonyesha kuwa bakteria wa kuhara damu wanaweza kupeana usugu, mmoja akimkabidhi mwingine, hata wakiwa wa aina tofauti. Usugu unaozaliwa mahali pamoja hauna mpaka.

Fleming hakuishi kuona hayo. Mwaka 1946 alirithi uongozi wa idara ya Wright, iliyokuja kuitwa Taasisi ya Wright-Fleming. Mwaka 1948 alipewa hadhi ya profesa mstaafu wa Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1949 alifiwa na mkewe, na wenzake wanaeleza kuwa msiba huo ulimzeesha ghafla.

Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Edinburgh walimchagua kuwa Rekta wao kuanzia mwaka 1951 hadi 1954. Aprili 1953 alimuoa Amalia Koutsouri-Vourekas, mtaalamu wa bakteria kutoka Ugiriki aliyefika katika maabara yake baada ya vita.

Machi 11, 1955, Fleming alifariki dunia nyumbani kwake London kwa ugonjwa wa moyo, akiwa na umri wa miaka 73. Majivu yake yalizikwa katika Kanisa Kuu la St Paul, mahali wanapolazwa mashujaa wa taifa hilo. Penisilini hakuichukulia hataza, wala haikumtajirisha.

Miaka sita baada ya kifo chake, Januari 1961, madaktari wa Uingereza walitangaza kuwa stafilokoka walikuwa wameanza kuishinda methisilini, dawa iliyotengenezwa mahsusi kuwakabili wale walioishinda penisilini. Dawa hiyo ilikuwa na umri wa takriban mwaka mmoja sokoni.

Somo kwa wa leo

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mtu yule wa kubuni wa mwaka 1945 yupo bado, naye anaishi pia katika miji yetu. Ni yule anayepita duka la dawa jioni akaomba vidonge vinne vya rangi mbili kwa sababu fedha ya dozi nzima haipo. Ni yule anayekunywa amoksilini, ndugu wa damu wa penisilini, kutibu mafua yanayoletwa na virusi ambavyo dawa hiyo haiviwezi kabisa. Ni yule anayemgawia jirani vidonge vilivyobaki.

Si haki kumtupia mwananchi huyo lawama zote. Mwenye mshahara mdogo, aliye mbali na hospitali, hununua kile mfuko wake unachoweza. Wapo pia waganga wanaoandika dawa bila kupima, wauzaji wanaotoa dawa bila cheti, na wafugaji wanaowapa kuku na ng'ombe dawa hizo hizo ili wanenepe. Mume wa mfano wa Fleming leo ana washirika wengi.

Wataalamu wa sasa wanasema yapo maradhi yanayopona kwa siku chache kuliko ilivyodhaniwa zamani, na hakuna haja ya kumeza dawa kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika. Lakini idadi ya siku na kiasi cha dawa huamuliwa kwa vipimo na mtaalamu. Uzito wa mfuko au nafuu ya siku ya pili si kipimo.

Dawa za aina hii hazifanani na mali nyingine. Shati analolichana mtu ni hasara yake peke yake. Penisilini inayotumiwa vibaya na mmoja huweza kumkosesha tiba mtoto wa mtu mwingine asiyemjua, katika wodi ambayo hatoiona kamwe. Mke aliyekufa katika mfano wa Fleming hakuwa amekosea lolote.